Dawa za Kupunguza Uzito na Virutubisho vya Kukata Mwili: Madhara Yake na Hukumu Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu katika Uislamu, hakuna nyumba katika visiwa vyetu leo ambayo haijasikia habari ya dawa za kupunguza mwili. Zipo za vidonge, za unga wa kukoroga, za majani ya chai na za sindano. Bibi harusi anaambiwa azitumie kabla ya siku ya harusi, mzazi aliyetoka arubaini anaambiwa zitamrudisha alivyokuwa, na mwanamume mwenye kitambi anatumiwa picha za mtu aliyekonda ndani ya mwezi mmoja. Wengi wanazitumia kwa siri, hawamwambii mume wala daktari. Siri hiyo ndiyo inayofanya madhara yajulikane wakati mambo yameshaharibika.

Makala hii inaeleza dawa hizi ni zipi, zinafanya nini mwilini, zipi zimeshaua watu huko zilikotumika kabla yetu, vipi zinafika kwetu, na sheria yetu inasema nini kwa mwenye kuzitumia na mwenye kuziuza.

UNENE NI MARADHI AU SI MARADHI?

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Uzito mkubwa si aibu, wala si jambo la kumfanyia mtu mzaha, lakini ni kweli unaweza kuleta maradhi: kisukari, shinikizo la damu, kiharusi, maradhi ya moyo, maumivu ya magoti na matatizo ya uzazi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 uliwakuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliopindukia. Miaka kumi kabla yake, katika utafiti wa 2004-05, walikuwa asilimia 18. Tatizo lipo na linakua.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye kilo 78 na urefu wa mita 1.60 atagawa 78 kwa 2.56, atapata 30 na kidogo. Kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 ni uzito wa kawaida, 25 hadi chini ya 30 umezidi, na 30 na kuendelea ni unene unaohitaji kushughulikiwa.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi. Mama huyo akipungua kilo nne tu, yaani asilimia tano ya uzito wake, presha na sukari yake vinaweza kuanza kuwa bora. Hahitaji kupungua kilo ishirini kwa mwezi. Na wengi wanaonunua dawa hizi, hasa wasichana, ukiwapima utakuta uzito wao ni wa kawaida kabisa. Hao hawana maradhi ya kutibiwa. Wanaingiza dawa katika mwili mzima.

DAWA ZILIZOPIGWA MARUFUKU BAADA YA KUDHURU WATU

Historia ya dawa za kukondesha ni ndefu, na sehemu kubwa yake ni ya dawa zilizosifiwa kwanza kisha zikaondolewa sokoni. Tutaje zile ambazo habari zake ni muhimu kwetu.

1. DNP. Hii ni kemikali iliyotumika katika viwanda vya baruti nchini Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na wafanyakazi wake wakaonekana wanakonda. Miaka ya 1930 ikauzwa Marekani kama dawa ya kupunguza uzito. Inaufanya mwili uchome chakula kwa kasi na kuigeuza nguvu yake kuwa joto. Watu wakapata mtoto wa jicho na upofu, na wengine wakafa kwa joto la mwili lisiloweza kushushwa. Mwaka 1938 Marekani ikatangaza kuwa haifai kutumiwa na binadamu. Pamoja na hayo, imerudi kupitia intaneti. Mwaka 2015 Polisi wa Kimataifa, Interpol, walitoa tahadhari juu yake kwa nchi 190. Hakuna dawa ya kuizima mtu akishaizidisha.

2. Fenfluramini. Ilitumika sana Marekani pamoja na dawa nyingine, mpaka mwaka 1997 madaktari walipogundua kuwa inaharibu vali za moyo. Iliondolewa mwezi Septemba mwaka huo. Ndugu yake, benfluoreksi, iliendelea kuuzwa Ufaransa kwa jina la Mediator tangu mwaka 1976 hadi 2009. Iliandikwa kuwa ni ya wenye kisukari, lakini wengi waliitumia kukonda. Aliyeifichua ni daktari wa mapafu, Irène Frachon, na mwaka 2021 mahakama ya Paris ikaitia hatiani kampuni ya Servier kwa udanganyifu na kusababisha vifo bila ya kukusudia.

3. Sibutramini. Hii ndiyo ya kuizingatia zaidi. Ilikuwa ikiuzwa kwa majina ya Reductil na Meridia, na inafanya kazi kwenye ubongo ili mtu asione njaa. Wakati huo huo inapandisha presha na mapigo ya moyo. Utafiti mkubwa uliofanywa kwa watu wapatao 10,000 ulionesha kuwa miongoni mwa wenye maradhi ya moyo na kisukari, waliotumia sibutramini walipata zaidi mshituko wa moyo na kiharusi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2010 iliondolewa Ulaya na Marekani.

4. Efedra. Ni mmea wa Kichina uliowekwa katika vidonge vingi vya kuchoma mafuta. Ulihusishwa na mishituko ya moyo na viharusi kwa vijana wazima, na Marekani ikaupiga marufuku katika virutubisho mwaka 2004.

Mtu anaweza kusema, maadamu zimeshapigwa marufuku, khofu iko wapi? Khofu iko hapa: hazikutoweka. Zimehamia ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili.

"YA ASILI" HAINA MAANA KUWA NI SALAMA

Neno linalouza kuliko yote kwetu ni hili: "Haina kemikali, ni mitishamba tupu." Mnunuzi anatulia moyo. Sasa tazama yaliyogunduliwa.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kati ya mwaka 2007 na 2016, iligundua virutubisho 776 vilivyotiwa dawa kwa siri. Miongoni mwa hivyo, 317 vilikuwa vya kupunguza uzito, na karibu 85 katika kila 100 ya hivyo vilikuwa na sibutramini ile ile iliyoondolewa sokoni. Vingine vilitiwa fenoftalini, dawa ya zamani ya kuharisha iliyoachwa kwa sababu ya khofu ya saratani. Katika vibandiko vyake hakuna lolote katika hayo lililoandikwa. Kimeandikwa chai ya kijani, tangawizi na maua.

Kwa hiyo ukitumia kidonge cha mitishamba, na siku ya kwanza au ya pili njaa ikakatika kabisa, mdomo ukakauka, usingizi ukapotea na moyo ukaanza kwenda mbio, usiseme kuwa hiyo ni baraka ya mitishamba. Hizo ndizo dalili za sibutramini. Iache na uende hospitali ukiwa na chupa yenyewe mkononi.

Na hata mmea halisi unaweza kudhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokwenda kliniki ya kupunguza uzito mjini Brussels, Ubelgiji, walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulichanganywa na mwingine unaofanana nao kwa jina, wa jamii ya aristolokia. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, wengi wao ikabidi wasafishwe damu kwa mashine au wapandikizwe figo nyingine. Madaktari walipowafanyia uchunguzi 39 kati yao walioondolewa figo, waliwakuta 18 wana saratani ya njia ya mkojo. Hawa hawakununua dawa barabarani. Walikwenda kliniki, na mmea ulikuwa wa asili kweli.

Mwaka 2023 Marekani ikagunduliwa mizizi iliyouzwa kwa jina la tejocote, tunda la Mexico, kwa ajili ya kukonda. Ilipopimwa ikaonekana ni oleanda ya manjano, mti wa maua ambao kwetu Afrika Mashariki unapandwa kwenye bustani na ua za nyumba, na ambao sumu yake inasimamisha moyo.

Chai ya kijani yenyewe kikombe kimoja au viwili havina ubaya. Lakini ikikamuliwa na kushindiliwa katika kapsuli, inaweza kuumiza ini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2018 ilieleza kuwa miligramu 800 au zaidi kwa siku za kiini chake kikuu zimehusishwa na dalili za kuumia ini.

SANAMAKI NA CHAI ZA "KUSAFISHA TUMBO"

Hapa tukae kidogo, kwa sababu jambo hili liko majumbani mwetu. Sanamaki ni dawa maarufu katika pwani yetu, na imetajwa katika hadithi iliyopokelewa na Ibn Majah. Kwa mtu aliyefunga choo, ni dawa nzuri. Tatizo ni kuwa chai nyingi zinazouzwa kwa kukata tumbo au kusafisha mwili, ndani yake ni sanamaki iliyopewa jina jipya na bei mpya, na mtu anaambiwa anywe kila usiku kwa mwezi mzima au zaidi.

Fahamu inavyofanya kazi. Chakula kinafyonzwa katika utumbo mwembamba. Sanamaki inafanya kazi yake katika utumbo mpana, baada ya lishe na mafuta kuwa vimeshaingia mwilini. Kinachotoka ni maji na kinyesi. Ukipanda mizani asubuhi utaona umepungua kilo moja, lakini mafuta yako yapo pale pale, na ukinywa maji kilo inarudi.

Anayeendelea nayo kwa muda mrefu anapoteza madini ya potasiamu, nayo ndiyo yanayouweka sawa mwendo wa moyo. Dalili zake ni uchovu, misuli kukaza na moyo kuruka mapigo. Hatari inakuwa kubwa zaidi kwa anayetumia dawa za presha za kukojoza. Pia kuharisha kunaweza kuzuia vidonge vya uzazi wa mpango na dawa nyingine zisifanye kazi ipasavyo. Dawa hii ni ya siku chache kwa mwenye haja nayo. Haikusudiwi kunywewa kama chai ya kila siku.

Vivyo hivyo siki. Kijiko katika saladi ni chakula, na siki imesifiwa katika Sunna kuwa ni kitoweo. Kuinywa tupu kila asubuhi kunakula meno na kuchoma koo.

SINDANO MPYA: FAIDA YAKE NA HATARI YAKE

Katika miaka ya karibuni zimekuja sindano za semaglutidi, zinazojulikana kwa majina ya Ozempic na Wegovy, na za tirzepatidi, yaani Mounjaro. Hizi ni tofauti na zote zilizotangulia, na ni haki kusema ukweli wake. Ni dawa za kweli zilizofanyiwa utafiti mkubwa. Zilianza kwa wenye kisukari, kisha ikaonekana zinapunguza uzito. Katika utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, waliotumia semaglutidi kwa wiki 68 walipungua kwa wastani wa asilimia 15 hivi. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliziweka katika orodha yake ya dawa muhimu kwa wenye kisukari walio na unene na maradhi ya moyo au figo.

Lakini zina masharti:

- Zinaanza kwa kipimo kidogo na kupandishwa polepole kwa wiki kadhaa. Anayeanza na kipimo kikubwa ili apungue haraka anatapika mpaka anaishiwa maji, na figo zinaweza kuumia.
- Zinaweza kuleta mawe katika mfuko wa nyongo na kuvimba kongosho. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni ni dalili ya kukimbilia hospitali.
- Hazimfai mwenye historia, yake au ya ukoo wake, ya aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo.
- Hazimfai mjamzito. Semaglutidi inatakiwa iachwe angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mtoto. Tirzepatidi inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na mama akajikuta ana mimba huku dawa iko mwilini.
- Zinachelewesha chakula tumboni. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji lazima amwambie daktari wa usingizi, kwani chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa amelala. Tazama hapo ubaya wa kuificha dawa.
- Ukiacha, uzito unarudi. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutidi walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza.
- Kalamu moja haitumiwi na watu wawili, hata wakibadilisha sindano, kwa sababu damu inaweza kurudi ndani na kupitisha virusi vya homa ya ini au UKIMWI.

Zaidi ya hayo kuna suala la joto. Kalamu ambayo haijafunguliwa inahifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikishaanza kutumika isipite nyuzi 30. Kalamu iliyosafirishwa ndani ya begi kwenye basi siku nzima, kisha kwenye boti, kisha ikakaa dukani umeme umekatika, hakuna ajuaye kilichobaki ndani yake.

Na kuna za bandia. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic bandia zilizoonekana Brazil, Uingereza na Marekani. Nchini Austria mwaka 2023 watu walilazwa hospitali baada ya kujidunga sindano za bandia, sukari ikawashuka ghafla na wengine wakapata degedege. Ilidhaniwa kuwa ndani yake kulikuwa na insulini. Insulini kwa mtu asiye na kisukari inaweza kuua ndani ya saa chache.

DAWA ZA HOSPITALI ZINAZOTUMIWA VIBAYA

Zipo pia dawa zilizosajiliwa, lakini watu wanazitumia mahali si pake. Dawa za kukojoza, kama furosemidi, zinatoa maji na madini, hazitoi mafuta. Homoni ya tezi ya shingo kwa asiye na upungufu wake inaharakisha moyo na kudhoofisha mifupa. Metformini ni dawa ya kisukari, na kwa mwenye figo dhaifu inaweza kuleta asidi hatari katika damu. Orlistati ni ya kupunguza uzito kweli, inazuia karibu theluthi moja ya mafuta ya chakula yasifyonzwe, lakini anayekula vyakula vya mafuta atapata choo cha mafuta kisichozuilika, na vitamini za A, D, E na K zinaweza kupungua. Yote haya yanahitaji daktari.

VIPI ZINAFIKA KWETU

Baadhi ya watu wanadhani bidhaa iliyofika dukani Darajani au Chake Chake imeshakaguliwa. Si lazima iwe hivyo.

Chukua mfano wa njia ya kusini magharibi. Katika mkoa wa Songwe, mji wa Tunduma na mji wa Nakonde wa Zambia vinakaribiana kiasi kwamba watu huvuka kwa miguu kwenda sokoni na kurudi. Hapo ndipo inapopita barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, na malori ya mizigo ya Zambia na Kongo hupanga foleni. Mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha forodha ili ukaguzi ufanyike mara moja. Kituo kinakagua kinachopita kituoni. Mfuko wa vidonge unaobebwa begani kwa njia za panya haupiti kituoni. Mtu wa kata ya Ruanda, wilayani Mbozi, anaweza kununua kwa mchuuzi wa mnadani kopo lile lile ambalo mwezi ujao litakuwa Kariakoo, mamia ya kilomita kutoka hapo, kisha bandarini Malindi ndani ya mzigo wa nguo. Ndugu zetu wafanyabiashara wa Unguja na Pemba wako katika kila mji wa njia hiyo, na wengi wao ni waaminifu. Lakini yule anayetumiwa mzigo hana njia ya kujua kilichomo ndani ya kapsuli kwa kuitazama.

Kisheria, dawa upande wa Tanzania Bara ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Chombo hiki kilianza kwa jina hilo mwaka 2019, pale usimamizi wa chakula na vipodozi ulipohamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Zanzibar tuna Wakala wetu wa Chakula na Dawa, ZFDA, na bidhaa inayouzwa visiwani inatakiwa iwe imeruhusiwa na wakala huo. Muuzaji akikwambia "imesajiliwa Marekani," usihadaike. Tangu sheria ya mwaka 1994, Marekani virutubisho havilazimiki kuthibitishwa usalama wake wala faida yake kabla ya kuingia sokoni.

HUKUMU YA KISHERIA

Kwanza: Kutibu unene unaodhuru afya inajuzu, na huenda ikawa ni jambo la kuhimizwa, kwa kuwa mwili ni amana. Tumeamrishwa katika Sura Al-A'raf, aya ya 31, tule na tunywe bila ya kufanya israfu, na Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) amefundisha, katika hadithi ya At-Tirmidhi, kuacha theluthi ya tumbo kwa ajili ya pumzi.

Pili: Kutumia kitu kinachojulikana kuwa kinadhuru, au kisichojulikana kilichomo ndani yake, ili mtu apate umbo tu, haifai. Allah ametukataza katika Sura Al-Baqarah, aya ya 195, kujitia wenyewe katika maangamizo, na kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana ni katika misingi ya fiqhi.

Tatu: Muuzaji anayeficha kilichomo anaingia katika ghushi, ambayo Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ameikataza vikali katika hadithi iliyomo katika Sahih Muslim. Na imepokelewa na Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah kuwa anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa elimu hiyo, basi yeye ni dhamini wa madhara. Dada yangu unayeuza kopo hizi kwa WhatsApp, zingatia: figo ya mwenzako ikiharibika, faida ya kopo moja haitoshi kulijibu hilo mbele ya Allah.

Nne: Kapsuli nyingi zimetengenezwa kwa jelatini, na jelatini huweza kutokana na nguruwe. Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu kitu kilichogeuka dhati yake. Kwa jambo lisilo la dharura, kama kukonda kwa ajili ya umbo, mwenye kujichunga na shaka amesalimika.

Tano: Sindano na funga. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, iliamua kuwa sindano za ngozi, misuli au mishipa hazifunguzi, isipokuwa zile za lishe. Kwa hiyo sindano ya wiki kwa mgonjwa haibatilishi Ramadhani yake. Lakini mwenye kisukari amuone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuingia, kwani vipimo vyake huenda vikahitaji kubadilishwa.

Sita: Mume kumlazimisha mkewe apungue, au kumfanyia stihizai mpaka akatafuta dawa kwa siri, si katika kuishi kwa wema. Mama Aisha (Radhiya Allahu anha) amesimulia kuwa mama yake alipotaka anenepe kabla ya kupelekwa kwa Mtume alijaribu mengi, na lililofaa likawa ni tango kwa tende. Zamani walitafuta kunenepa na leo tunatafuta kukonda. Utaona kuwa walirudi kwenye chakula.

NINI CHA KUFANYA

1. Pima uzito, kiuno, presha na sukari katika kituo cha afya kabla ya kununua chochote.
2. Anza na vinywaji. Soda, juisi za sukari na chai ya vijiko vitatu vya sukari ni mzigo mkubwa usioshibisha. Punguza sukari kidogo kidogo.
3. Punguza sahani ya wali, si lazima uiache. Jaza nusu ya sahani kwa mboga, na samaki awe wa kuchoma au wa kupaka kwa nazi kidogo.
4. Vya kukaanga vya futari viwe vya siku moja moja. Wengi wetu tunaongezeka uzito katika mwezi wa kufunga.
5. Tembea nusu saa kwa siku. Kwenda msikitini kwa miguu kunahesabiwa mara mbili, afya na thawabu. Akina mama watembee pamoja alfajiri au alasiri.
6. Anayenyonyesha asitumie dawa wala chai yoyote ya kukonda. Vingi huingia katika maziwa.
7. Akinamama wenye mabinti wa skuli wazungumze nao. Msichana anayejitapisha, anayekataa kula na wenzake au anayeficha vidonge anahitaji kusikilizwa na kupelekwa kwa daktari, asigombezwe.
8. Kabla ya kununua, uliza mambo matatu: Imesajiliwa ZFDA? Viungo vyake vyote vimeandikwa? Anayeuza ni mfamasia? Jibu moja likikosekana, usinunue.
9. Ukishatumia, mwambie daktari ukweli. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio, macho au mkojo kuwa wa rangi ya manjano iliyokolea, mkojo kupungua, tumbo kuuma sana, kizunguzungu cha kuanguka au joto kali la mwili: nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uchukue kopo lenyewe. Kisha toa taarifa kwa ZFDA, ili mwengine asidhurike.

Ukiona mwili umepungua kilo mbili kwa mwezi kwa chakula na kutembea, hayo ni mafanikio makubwa, na hayana deni la kulipwa na moyo, ini wala figo. Kwa swali la kisheria linalokuhusu wewe hasa, waulize wanazuoni au Ofisi ya Mufti. Kwa swali la mwili wako, muulize daktari.

Tunamuomba Allah atupe afya na mwisho mwema, Awaponye wagonjwa wetu, na Atukinaishe kwa halali Yake tusihitajie haramu.

Wallahu A'lam.